Matusi ya Bi Leung Sei

Sham Shui Po, Hong Kong
8 Machi 1981

Dada Yuk-sim,

Kikohozi chako kimepungua? Sisi huku wazima. Mke wangu Suk-han anakusalimu, magoti yake yamechoka ila mdomo wake una nguvu zote. Binti yetu amepata kazi katika ofisi ya meli, anavaa viatu virefu na anatuambia nyumba nzima inanuka dawa ya michubuko. Nimempa Bi Fong, anayevuka mpaka kuja huko kila mara, akuletee makopo mawili ya mafuta ya karanga, soksi za sufu na biskuti za yai. Usiwagawie majirani biskuti zote kama mwaka jana. Nazinunua ule wewe.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tisa shule yangu ya ngumi inatimiza miaka ishirini. Nimekodi ukumbi wa mkahawa, na walimu wa mitaa yote wamealikwa, hata yule Tong anayewafundisha makarani kurusha mateke mbele ya kioo. Waje waone ukoo wenye mizizi. Mchoraji yuko kazini tayari: picha ya Baba itakaa katikati, na juu yake mtawa mkuu wa milimani aliyemfundisha. Usikunje uso. Kila shule hapa ina mtawa wake. Shule isiyo na mtawa ni sawa na duka la nyama lisilo na mizani.

Nakuomba mawili tu. Kwanza, ile picha ya Baba aliyopigwa kabla sijaondoka. Pili, unichoree ule mfululizo wa mwisho wa miondoko, Mikono ya Kusokota. Baba alikupa wewe kwa sababu mimi sikuwepo. Nitauonyesha mwenyewe siku hiyo, na baada yangu mwanafunzi wangu Tai-shing, kijana mchinja nguruwe mwenye mabega kama lango. Ni bora kuliko wote niliowahi kuwa nao, ingawa simwambii.

Mdogo wako,
Hok-man


Foshan
2 Aprili 1981

Mdogo wangu Hok-man,

Mafuta yamefika. Kopo moja lilivuja ndani ya mkoba wa Bi Fong, na sasa popote anapopita paka wanamfuata. Biskuti nimewagawia majirani. Kikohozi kipo, tumezoeana. Kaburi la Baba na Mama tumelifagia, nyasi zilikuwa kiunoni. Paa la jikoni limetengenezwa, lakini bata wa jirani bado wanaingia watakavyo.

Hiyo barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikidhani nimekosea. Mtawa? Milima gani, Hok-man? Baba yetu hakuwahi kupanda kilima kisicho na kibanda cha chai juu yake.

Acha nikukumbushe, maana naona hewa ya huko imekuingia kichwani. Baba alikuwa na walimu wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Pang, muunga mifupa wa mtaa wa wafua chuma. Alipiga wanafunzi wake kwa mwanzi hadi wavimbe, kisha akawauzia dawa ya uvimbe. Kwake Baba alipata ngumi, sauti kubwa na kile kifua cha jogoo ulichorithi. Wa pili ni Bi Leung Sei, msokotaji wa hariri, mmoja wa wale wanawake waliojifunga nywele wenyewe kuapa kwamba hawataolewa. Mikono yake ilishinda kwenye maji ya moto ikitafuta ncha ya uzi. Alimfunza Baba kumsikia mtu kwa kumgusa mkono tu, kama anavyousikia uzi kabla haujakatika. Na alimtukana. Loo, alimtukana! "Mkono wako ni bata aliyekufa." "Umesimama kama kinyesi kilichosahaulika." Uliyasikia maneno hayo utotoni kutoka kwa Baba, ukadhani ni yake. Yote ni ya Leung Sei.

Ukiona haya kumtundika mwanamke wa kiwandani juu ya baba yako, usitundike kitu. Picha sikutumii. Mikono ya Kusokota haichorwi. Ungekuwa unajua chochote kuihusu, usingeomba mchoro.

Dada yako,
Yuk-sim


Sham Shui Po
19 Mei 1981

Dada,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Suk-han hajambo. Huku joto limeanza mapema na mvua inanyesha kama imetumwa kutuadhibu. Sherehe huenda ikasogezwa mbele kwa sababu ya hiyo mvua.

Barua yako nimeipata pamoja na miiba yake yote. Umekaa Foshan maisha yako yote, unafua shuka katika ua uleule, halafu unanifundisha mimi namna ya kuendesha shule? Nilivuka mpaka mwaka hamsini na nane nikiwa na shati moja. Nilifundisha juu ya paa, katikati ya nguo za watu zilizoanikwa. Walimu wa mtaa walituma watu wao kunijaribu, nikawarudisha wakichechemea. Nani alinipa uwezo huo? Baba, na matusi yake. Hakunisifu hata siku moja na nikasimama. Leo nawafanyia wanafunzi wangu vivyo hivyo, na anayeshindwa kuvumilia mlango auone, kuna shule ya Tong inapokea wapenzi wa kubembelezwa.

Huyo Leung Sei namkumbuka kwa jina. Kama Baba alimthamini hivyo, mbona hakumtaja mbele ya wageni? Na mbona mfululizo wa mwisho alikupa wewe, usiye na shule wala mwanafunzi? Utakwenda nao kaburini kama pete. Hiyo ndiyo heshima yako kwa ukoo?

Hok-man


Foshan
30 Juni 1981

Hok-man,

Mimi mzima. Matunda ya lychee mwaka huu ni matamu, na bata wa jirani wamepungua. Siulizwi na sisemi.

Bi Fong alirudi wiki iliyopita, akanywa chai birika zima na kunieleza mambo ambayo wewe umeyaita mvua. Kwamba shule yako ina wanafunzi wanne, na mmoja wao huja kusoma gazeti. Kwamba yule Tai-shing wa mabega kama lango anatembea na mkono shingoni kwa kitambaa, na hakuuvunja kwa kuanguka. Sikuulizi. Nitasubiri useme mwenyewe. Ila usinitajie mvua tena.

Unasema matusi ya Baba yalikusimamisha. Basi na mimi nikueleze kitu. Nilikuandikia kwamba Baba alikufa kwa mapafu. Barua zilikuwa zinafunguliwa na kusomwa njiani miaka ile, na kwa mapafu hakuna mtu anayekuja kugonga mlango wako.

Unamkumbuka Chan Biu? Mrefu, mpole, mtoto wa muuza tofu. Alikaa kwa Baba miaka mingi kuliko wewe. Baba alimwita goti la mbuzi mbele ya wageni, mbele ya mchumba wake, mbele ya mama yake aliyekuja na zawadi ya tofu. Ilipofika ile miaka ya vijana waliofunga vitambaa vyekundu mkononi na kuwinda kila cha kale, Chan Biu alikuwa mbele yao. Walimtoa Baba hadi sokoni, wakamvika kofia ya karatasi na kumsimamisha juu ya benchi. "Tuonyeshe ngumi zako za kale!" wakapiga kelele. Baba akawaonyesha. Taratibu, kwa unadhifu, na kofia ile kichwani. Watu walicheka mwanzoni, halafu wakanyamaza. Alipomaliza akamtazama Chan Biu akamwambia, "Goti lako bado liko nje."

Chan Biu alimpiga magotini kwa gongo. Kwa lile pigo la gongo ambalo Baba alimfunza mwenyewe.

Hakutembea tena. Aliishi hadi majira ya baridi ya pili, nikimgeuza kitandani kama godoro. Siku moja ananiambia, macho yanang'aa, "Uliona lile pigo? Bega limelegea kabisa. Hatimaye ameelewa." Akacheka mpaka akakohoa. Sijui hadi leo kama alikuwa anajivunia au ana wazimu. Nilitoka nje nikaacha mlango wazi, na kulikuwa na baridi.

Nakwambia haya uyaweke kwenye hotuba yako mkahawani, chini ya picha ya mtawa.

Yuk-sim


Sham Shui Po
28 Septemba 1981

Dada,

Suk-han hajambo. Binti hajambo. Sherehe haikuwepo.

Nilibeba barua yako mfukoni miezi miwili. Mara tatu nilianza kukujibu kwa hasira, na kila nikifika kwenye neno "Baba" kalamu inakwama. Sasa nitasema, kwa kuwa Bi Fong amekwisha kusema.

Walikuja wageni, walimu wawili wa mtaa wa pili. Nilitaka waone. Nikamwita Tai-shing tupimane kwa kugusana mikono, na alikuwa mzuri, Dada, mzuri kuliko nilivyokuwa mimi kwa umri wake. Alinigusa kifuani mara moja. Wageni wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Basi mimi nikasema kwa sauti kwamba hata nguruwe akigaragara siku nzima atamgusa mtu. Nikasema ananuka kazi yake. Wageni wakacheka. Yeye akanirukia kwa hasira, mkono umenyooka kama wa mtoto. Nilikuwa na nafasi ya kusogea pembeni, lakini nikauvunja kiwiko. Niliusikia chini ya kiganja changu kabla sauti haijatoka. Kisha nikamwambia, akiwa sakafuni, "Mkono umenyooka mno." Wageni waliaga hawajamaliza chai.

Lipo na jingine. Nilikuja Foshan mwezi wa nane. Nilipanda treni, kisha basi, nimebeba feni ya umeme kwa ajili ya joto la huko. Nyumbani hukuwepo, jirani akanielekeza ua wa nyuma ya kiwanda cha hariri. Nilisimama nje ya lango. Niliona wasichana wa kiwandani wamejipanga wawili wawili, na wewe katikati yao na fimbo yako ya kutembelea. Msichana mmoja mwembamba akakosea mguu, akayumba. Nikasubiri. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeanza kulitamka lile la bata aliyekufa, nikasema sasa Dada atammwagia matusi. Ukamshika mkono ukasema, "Umekaribia. Rudia, nimekushika." Akarudia. Ukamwambia, "Vizuri sana."

Nitakuwa mkweli, nilikudharau papo hapo. Nikasema moyoni amezeeka, amelainika kama uji wa mgonjwa. Halafu yule msichana akageuka, mikono yake ikazunguka mmoja juu ya mwingine, na nikajua naona nini, ingawa sikuwahi kuonyeshwa. Mikono ya Kusokota. Ilikuwa safi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya Baba mbele yangu.

Nilimwachia bawabu wa kiwanda feni nikarudi kituoni. Sikubisha hodi. Ningeingia niseme nini?

Miaka hamsini na mitatu ninayo, Dada. Hilo neno "vizuri sana" sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Kwako pia sikulisikia, kwenye barua yoyote. Kwa nini mtoto wa watu apewe, na mimi nipewe miiba?

Hok-man


Foshan
14 Oktoba 1981

Mdogo wangu,

Kumbe feni ni yako. Nilidhani kiwanda kimeanza kutujali, nikaenda kwa meneja kumshukuru, na yule mjinga akazipokea shukrani. Inafanya kazi vizuri ila ina kelele, kama aliyeileta.

Umesafiri njia yote hiyo ukaogopa lango la mbao. Umenichekesha na umeniudhi. Lakini umeuliza swali la mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu uvuke mpaka, na nitakujibu kwa ukamilifu.

Nilipokuwa msichana Mama alinituma kupeleka chakula katika nyumba ya wale wanawake wasokotaji. Nilikuwa nakaa kizingitini kumwangalia Bi Leung Sei akiwafundisha wenzake baada ya kazi. Sauti yake ilikuwa ya chini. Anashika mkono, anangoja, anasema "hapa" au "bado". Wakipata, anatabasamu na wote wanatabasamu. Mimi mwenyewe alinifundisha hivyo, na mfululizo wa mwisho nilipewa naye, hapo kizingitini. Baba hakunipa kitu. Nilimwacha aseme alinipa yeye, kwa kuwa ilimfurahisha.

Siku ya mapumziko Baba anakuja, kifua mbele, na uso wa Leung Sei unabadilika. Hapo ndipo matusi yanapoanza. Nikamuuliza siku moja, "Bibi, mbona Baba unamtukana hivyo?" Akasema, "Huyu, Pang alimpiga mpaka akaziba masikio. Nikimsemea taratibu anadhani nimelala. Namtukana apate kuamka. Akiamka nitaacha."

Hakuacha, kwa sababu Baba hakuamka. Aliyapenda yale matusi! Alikuwa anatembea nayo mjini kama mtu aliyepewa cheo. "Leo ameniita kinyesi," anamwambia Mama, anang'aa. Vita vikaja, Wajapani wakaingia, Leung Sei akafa kwa homa, bado anamtukana. Baba akayachukua matusi akaenda kuyafanya ndiyo mafunzo yenyewe. Akampa Chan Biu, akakupa wewe, na wewe umempa mchinja nguruwe. Ilikuwa dawa ya mgonjwa mmoja, Hok-man, na mkainywesha nyumba nzima.

Unauliza kwa nini nakuandikia kwa miiba. Kwa sababu nilijaribu taratibu. Zitafute barua zangu za miaka ya mwanzo, kama hujawashia jiko. Ulizijibu kwa kuniambia shule ina wanafunzi wangapi.

Yule msichana mwembamba anaitwa Ho Siu-lin. Anasokota hariri, siku hizi kwa mashine. Yeye ndiye atakayerithi. Si wa ukoo wetu wa Lau, si mwanaume, na hatundiki picha ya mtu. Ukitaka kukasirika kasirika haraka, sina miaka mingi ya kukusubiri.

Yuk-sim


Sham Shui Po
1 Novemba 1981

Dada,

Nilikasirika siku mbili. Suk-han akaniambia nikimaliza nimwambie, apike.

Nilikwenda machinjioni. Nilivaa suti na viatu vyangu vya sherehe, sijui kwa nini. Tai-shing alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, subiri nimalize miguu." Nikasubiri, nimesimama ndani ya damu, wenzake wananitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Alipofuta mikono na kunigeukia, yote yalitoka kinyume. Nikasema, "Ulinigusa kifuani siku ile. Ulinigusa kihalali. Ng'ombe wewe, ulikuwa mzuri." Akauliza, "Hilo la ng'ombe ni la lazima?" Nikasema sijui kulitoa. Akacheka, Dada, halafu uso ukamgeuka, akaenda kuosha kisu ambacho tayari kilikuwa safi.

Shule nimeifunga. Picha ya mtawa Suk-han ameitundika jikoni, anasema anafanana na mjomba wake aliyekuwa mlevi.

Nakutumia Tai-shing. Ameomba likizo, atakuja na Bi Fong wiki ijayo. Mkono wake wa kulia haunyooki wote, hiyo ni kazi ya mikono yangu. Mimi sina la kumfundisha ambalo halitamharibu. Mpeleke kwa huyo Siu-lin wako. Kama atakubali kumgusa mwanafunzi wangu.

Hok-man


Foshan
16 Novemba 1981

Mdogo wangu Hok-man,

Wote wazima hapa. Baridi imeanza, feni nimeifunika kwa shuka.

Amefika. Anakula kama watu wawili na anasimama vibaya, miguu imekaza kama amepigiliwa misumari. Wasichana walimcheka kidogo kwa sababu ya mabega, naye akawa mwekundu. Kwa desturi nilimuuliza mbele ya wote mwalimu wake ni nani. Akasema, "Lau Hok-man wa Sham Shui Po." Nikamwambia, "Si ndiye aliyekuvunja?" Akasema, "Ndiye."

Nilijifanya natafuta fimbo yangu.

Siu-lin akaja, akauchukua ule mkono usionyooka na kuuweka juu ya wake. Walisimama hivyo kwa muda, hakuna aliyesukuma. Nikadhani atauacha achague ule mzima. Akamwambia, "Huu husikia zaidi. Tuanze nao."

Nakusubiri mwaka mpya. Vaa viatu vya kazi. Utajipanga nyuma ya Tai-shing, kwa kuwa amekutangulia, na Siu-lin atakapokwambia umekaribia, usimbishie.

Dada yako,
Yuk-sim